Kilo za Ester

Nkende, Tarime

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo Mama. Kamwene. Najua ukipokea bahasha hii utasema huyu mtoto amechanganyikiwa, siku hizi nani anaandika barua na simu zipo. Naandika kwa sababu kwenye simu unanikatia. Nikisema "Mama, njoo umshike mtoto", unasema mtandao unasumbua. Mtandao wa Njombe hauna shida yoyote, Mama. Ni wewe. Karatasi haina kitufe cha kukata, kwa hiyo kaa kwenye kigoda chako, vaa ile miwani, usome mpaka mwisho. Usimpe mtu akusomee.

Kwanza hali zetu. Mimi ni mzima, nimerudiwa na nguvu, nakula vizuri. Mtoto ni mzima, ananyonya mpaka anasahau kupumua. Ester ni mzima, shule zimefunguliwa na ameanza ubishi wake wa kila siku. Mume wangu Marwa yuko Nyangoto anahangaika na mawe ya dhahabu, anarudi Jumamosi akiwa mweupe kwa vumbi kama mtu wa kinu cha unga. Na wewe je? Kifua kimeacha kubana? Baridi ya huko naikumbuka, nikiamka hapa natafuta ukungu dirishani siuoni. Yule ng'ombe mwekundu ameshazaa? Majani ya chai unachuma bado au umekubali kupumzika? Najua hujakubali.

Sasa nije kwenye lile unalolikimbia. Siku nilipokupigia kukuambia nimejifungua ulipiga vigelegele mpaka Ester akasikia akiwa uani. Lakini nilipokuambia uje umwogeshe mjukuu wako, ukasema, "Mikono yangu siyo ya mtoto tena." Ukakata. Mama, neno hilo limenikaa kooni. Ninajua limetoka wapi, na nimekuandikia ili ulitoe huko lilipo.

Niruhusu nilisimulie tangu mwanzo, maana sisi wawili hatujawahi kulisema kwa midomo yetu. Ester alipozaliwa mvua ilikuwa imekata barabara, gari halikupita darajani, na uchungu haukungoja. Ulinizalisha jikoni, peke yako, moshi umejaa. Kichwa kikatoka, mwili ukagoma. Nakumbuka ulivyokuwa ukiita jina la Mungu na kuvuta. Akatoka amezubaa, ukampulizia, akalia. Kesho yake zahanati wakampima, kilo nne na nusu na zaidi, kijiji kizima kikaja kumwangalia kama maonyesho. Ndipo ikaonekana mkono wa kushoto hauinuki. Shangazi akasema mbele ya watu kwamba mikono ya bibi ndiyo iliyouvunja mkono wa mjukuu. Tangu siku ile hujaogesha mtoto wa mtu yeyote. Watoto wa dada yangu umewapokea kwa mbali, umekaa mlangoni kama mgeni. Nimeona, Mama. Nilikuwa sina la kukuambia.

Sasa ninalo.

Mimba hii ilipokuwa changa kabisa, hata khanga bado zinanikaa kiunoni kama kawaida, nilikwenda kliniki. Sikwenda kwa busara, nilikwenda kwa sababu nilikuwa natapika mpaka nashindwa kushona, na wazazi wa wanafunzi walikuwa wananidai sare za shule. Nesi aliyenipokea ni mama wa makamo, mnene, sauti yake kubwa kama ya mtu anayeita ng'ombe ng'ambo ya mto. Jina lake Wankuru. Akaniuliza mtoto wa kwanza alizaliwa na kilo ngapi. Mama, unajua ninavyojibu swali hilo. Nikanyoosha shingo nikasema, "Nne na nusu, na ilizidi." Nikangoja anisifie.

Hakunisifia. Akaweka kalamu mezani.

"Yuko hai?"

"Yuko hai. Huyo hapo nje kwenye benchi."

"Mikono yake yote miwili inafanya kazi?"

Sikuwa nimesema chochote kuhusu mkono. Nikamuuliza nani amemwambia.

"Kilo ndizo zimeniambia," akasema. "Mtoto wa kilo hizo akizaliwa kwa njia ya kawaida, kinachokwama mara nyingi ni bega. Nimeuliza tu. Nani kwenu ana ugonjwa wa sukari?"

Nikasema hakuna. Kwetu watu wanakufa kwa uzee na pombe ya ulanzi. Akacheka. Akaniuliza tena, taratibu, kama kuna mtu aliyekuwa na kiu isiyoisha, anakojoa sana, au kidonda kilichokataa kupona. Ndipo nikamkumbuka Bibi, mama yako. Unakumbuka sisimizi, Mama? Pale nyuma ya jiko alipokuwa anajisaidia usiku, asubuhi sisimizi wamejipanga? Tulikuwa tunacheka sisi watoto. Na ule mtungi wa maji kando ya kitanda chake, na kidole cha mguu kilichooza mpaka kikamwondoa, watu wakasema jirani amemroga kwa ajili ya mpaka wa shamba. Nikamsimulia nesi yote hayo. Hakucheka tena. Akasema, "Hao sisimizi walikuwa wanajua kuliko mganga wenu."

Akanipima uzito, akaniuliza nilikuwa na uzito gani kabla ya mimba, na wewe unajua mwanao tangu niolewe sijawahi kuwa mwembamba. Akanieleza kwa Kiswahili cha kawaida, nikaelewa. Kuna akina mama ambao mwili unashindwa kuimudu sukari wakati wa mimba. Sukari inayozidi kwenye damu ya mama inavuka kwa mtoto, mtoto anajenga mafuta, mabegani hasa, anakuwa mkubwa bila kuwa na nguvu. Watu wanaona baraka. Na akasema dalili hazingoji mwezi wa nane. Mtoto wa kwanza alikuwa mkubwa, mama ana mwili, ndugu alikuwa na sukari, na sukari ya asubuhi kabla ya kula, mimba ikiwa changa, ikikutwa imepanda hata kidogo, basi unajua mapema kwamba na huyu anayekuja anaweza kuwa hivyo hivyo. "Hatungoji tumbo likue ndipo tushangae," akasema. Akaniambia nirudi kesho yake alfajiri nisiwe nimekula wala kunywa.

Hapo ndipo mama mkwe aliingia kwenye habari.

Mama Marwa unamjua kwenye picha tu. Ametoka Gorong'a kuja kukaa nasi aliposikia nina mimba, amekuja na kuku wawili, gunia la wimbi, na amri zake. Kwao ukoo mzima wanajisifia watoto wakubwa. Anasema mtoto wao akizaliwa hubebwa na wanawake wawili, na Marwa mwenyewe alizaliwa na kilo ambazo kila mwaka anaziongeza kidogo. Tena kwao mwenye mimba hatoki nje ya boma asubuhi na tumbo tupu. Ni mwiko, na ni aibu ya mama mwenye boma, watu watasema anamtesa mke wa mwanawe. Mimi nikaamka mapema nikatoka kimyakimya. Nimefika kliniki, nimekaa kwenye foleni, nasikia pikipiki inapiga breki getini. Mama mkwe huyo! Ameshikilia chupa ya uji wa wimbi kifuani, kilemba kimeenda upande.

"Mama Ester! Unataka kuniua kwa aibu? Kunywa!"

Nikamwambia nimekatazwa. Akawageukia wanawake wote wa foleni. "Jamani, mmesikia? Hata kuku hatumfungulii kabla ya kumrushia punje. Huyu ana mtu tumboni!" Wale wanawake, wengi Wakurya wenzake, wakamuunga mkono, mmoja akasema kikombe kimoja cha uji si kula, ni heshima. Mama, na njaa niliyokuwa nayo, na uji ule una harufu! Nikanywa. Nikanywa na cha pili.

Nesi Wankuru alipokuja kuniita akaona uji mdomoni mwangu. Alipiga kelele mpaka mapokezi wakasikia. Nikarudishwa nyumbani. Safari iliyofuata mama mkwe naye alikuja, lakini nesi alimshika mkono akamketisha ndani, akamwambia, "Leo wewe ni mlinzi. Akila, kosa ni lako." Ah, mzee akajiona askari. Wakanitoa damu, kisha wakanipa maji yamekorogwa glukosi, matamu mpaka meno yanauma, ninywe yote nisubiri. Mama mkwe akaruka. "Nyie watu! Asubuhi nzima mnamkataza uji kwa sababu ya sukari, sasa mnamnywesha sukari yenyewe!" Foleni nzima ikacheka, na nesi naye akacheka. Akamweleza kwamba wanaupa mwili mzigo makusudi waone utaubebaje.

Mwili wangu haukuubeba vizuri. Hawakusema ni kisukari kamili, walisema sukari yangu imevuka mstari na tukizembea mtoto atavuka naye.

Tuliporudi nyumbani mama mkwe alikuwa bado anabisha. Anasema mtoto mdogo ni aibu, watasema alikosa maziwa. Basi nikamwita Ester. Nikamwambia, "Mwonyeshe bibi unavyovaa sweta." Yeye alikuwa amemwona Ester kila siku, lakini alidhani mkono ule uliumia alipoanguka utotoni. Ester akavaa kama anavyovaa, anaanza na mkono mbovu, anauingiza kwa kuuvuta na ule mzima, meno yameshika ukosi. Nikamwambia mama mkwe, "Hizo ndizo kilo nne na nusu." Akamvuta Ester akamfunga vifungo mwenyewe, ingawa Ester anajua kuvifunga na alikasirika kufungwa.

Tangu siku hiyo, Mama, nimekuwa na askari wawili, nesi na mama mkwe. Hapa mgeni akija kumwona mjamzito hafiki mikono mitupu, analeta soda, na ukiikataa umemdharau yeye na ukoo wake. Mama mkwe akatafuta dawa. Mgeni akifungua soda, yeye anaipokea kwa mikono miwili, anasema, "Kwetu soda ya mwenye mimba anainywa mama mkwe, ndiyo mila." Hakuna mila kama hiyo! Ameitunga hapahapa Nkende. Lakini ni mzee, nani atambishia? Amekunywa soda za watu mpaka nesi akamwambia na yeye apimwe. Amepimwa, amekutwa salama, na majigambo yameongezeka.

Mimi binti yako wa chai ya vijiko vinne nimekunywa chai kavu. Viazi nilivionja tu, ugali nikapunguza, nikala dagaa na maharage na mboga chungu za huku mpaka nikazipenda. Jioni tulikuwa tunatembea kilima kizima, mama mkwe mbele na fimbo, akinihimiza kama ndama anayechelewa zizini. Vidole vimetobolewa, na baadaye chakula peke yake hakikutosha, nikapewa vidonge. Kuna siku nililia, nisikudanganye. Marwa aliniletea keki kwa furaha, kutoka mgodini, akaisahau habari yote, nikaila nusu nzima nikiwa nimesimama. Kesho yake kipimo kikanisema. Nesi Wankuru hakunigombeza. Akasema, "Keki imeisha. Leo ni leo." Nikaendelea.

Siku yenyewe nilikwenda hospitali mapema, haikuwa ya kukimbizana. Walikuwa wanajua kila kitu kunihusu. Daktari alikuwa karibu, nesi Wankuru miguuni kwangu, mwingine kando yangu. Na hata hivyo, Mama, kichwa kilipotoka, bega likasita. Kidogo tu. Nikaujua ule mkwamo, nilikuwa nimeuonja jikoni kwako. Nikasema moyoni, imekuwa tena. Lakini hapohapo wakanikunja magoti mpaka kifuani, yule wa pembeni akakandamiza chini ya tumbo, Wankuru akalizungusha bega, na mtoto akateleza akatoka analia kwa hasira. Kilo tatu na nusu. Wakamlaza kifuani kwangu, na kitu cha kwanza nilichofanya sikumtazama uso wala kuuliza ni wa kike au wa kiume. Nilitazama mikono. Aliinua yote miwili, ngumi zimekunjwa, kama anayetaka kugombana na mtu. Nililia mpaka nesi akadhani naumwa.

Ni wa kike. Wamemwita Bhoke, jina la bibi yake Marwa.

Sasa sikiliza hapa vizuri, kwa sababu hapa ndipo penye barua. Kesho yake Ester aliletwa kumwona mdogo wake. Nesi Wankuru akamwita, akamkagua ule mkono, akauinua, akauzungusha, akamwuliza kama unauma. Nikapata ujasiri nikamsimulia habari ya jikoni, na maneno ya shangazi, na kwamba mama yangu hashiki tena mtoto mchanga. Nikamwuliza, "Ni kweli mama yangu ndiye aliyemvunja?"

Akaniambia hivi, nami nakuandikia kama alivyosema: "Jana tulikuwa watatu hapa, tuna taa, tuna daktari, na tulikuwa tunajua tangu mimba ikiwa changa, na bado jasho limenitoka. Mama yako alikuwa na nani? Mtoto akikwama bega hangoji. Mama yako angeogopa kuvuta, huyu mtoto asingekuwa na mkono mbovu. Asingekuwepo. Mkono huu ni wa mtoto aliyeokolewa."

Mama, rudia kusoma hapo. Mtoto aliyeokolewa.

Halikuwa kosa la mikono yako. Kosa lilianza kabla ya siku ile, kwenye damu yangu, na kwenye damu ya Bibi na sisimizi wake, na hakuna aliyetuuliza mapema. Wewe ulikutana na mzigo ambao watu wengine wangeukimbia, ukauvuta ukatoka hai. Nami mwanao nimekaa miaka yote hii najisifia kilo badala ya kukushukuru. Ahsante Mama. Ahsante kwa Ester.

Kwa hiyo utakuja. Sikuombi, nakuarifu. Dada akusindikize mpaka stendi, ukifika Mwanza Marwa atakuwa anakungoja, ameshaaga mgodini. Lakini kabla hujapanda basi, pita zahanati ukapime sukari, asubuhi, bila kula. Na mtu asikufuate na uji.

Nisalimie dada yangu na mumewe, waambie watoto wao nawakumbuka. Msalimie mjomba anayetutunzia shamba la viazi, na mama mchungaji aliyeniombea. Na kwa Baba, pita kaburini umwambie ana mjukuu mwingine. Na shangazi msalimie pia, tena kwa upole, kisha msomee ile sehemu ya nesi. Isome kwa sauti. Mama Marwa anakusalimu sana, anasema anataka kumwona mwanamke aliyezalisha kilo nne na nusu peke yake jikoni, anasema kwao mtu kama huyo anachinjiwa mbuzi. Mbuzi tayari yupo, amefungwa uani, Ester amempa jina na sasa hataki achinjwe. Mtamalizana ukifika.

Jambo la mwisho. Kila asubuhi mama mkwe anamwogesha Bhoke. Anamwosha kichwa, anamkanda mgongo, ananyoosha miguu mmoja baada ya mwingine kama mnavyofanya ninyi wazee. Akifika kwenye mikono anaacha, anamfunika taulo. Nilidhani amesahau, nikamwuliza. Akasema, "Mikono simnyooshi mimi. Hiyo ni kazi ya bibi yake wa Njombe."

Ester ndiye atakayekushikia beseni. Anasema mkono mmoja unatosha.

Ni mimi mwanao,
Faraja, Mama Ester na sasa Mama Bhoke